Mume Alikufa Upande Gani? Wajane wa Vita na Pensheni Zao Uingereza ya Karne ya 17

Tarehe 23 Oktoba 1642, majeshi ya Mfalme Charles wa Kwanza na ya Bunge la Uingereza yalipambana Edgehill, katika pigano kubwa la kwanza la vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakupatikana mshindi wa wazi. Mwezi huohuo Bunge likatoa tamko ambalo hakuna serikali ya Uingereza iliyokuwa imewahi kulitoa: askari wake atakayelemaa atatunzwa, na akifa, mjane na watoto wake watatunzwa vilevile.

Kwa msomaji wa leo hilo ni jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa jipya kabisa, na lilitolewa na watu waliokuwa wanatafuta askari kwa udi na uvumba. Maswali magumu yaliachwa kiporo. Nani atalipa? Kutoka mfuko gani? Na mwanamke wa kijijini, asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye mumewe amefukiwa shimoni pamoja na maiti wengine umbali wa siku kadhaa za kutembea, atathibitishaje kwamba yeye ndiye mjane anayetajwa? Vurumai yote iliyofuata kwa zaidi ya miaka thelathini ilitokana na maswali hayo.

Kabla ya vita, sheria iliwajua majeruhi tu. Chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, kuanzia 1593 na kisha kwa sheria ya 1601, kila parokia ilitozwa mchango wa kila wiki, usiopungua peni 2 wala kuzidi peni 10, na fedha hizo zikawekwa kwa mweka hazina wa kaunti. Askari aliyekatika mkono au mguu akiwa vitani alikwenda na cheti cha kapteni wake mbele ya mahakimu wa kaunti, wakampangia pensheni. Askari wa kawaida hakuweza kupewa zaidi ya pauni 10 kwa mwaka, na wengi walipata kidogo sana kuliko hapo. Mjane hakutajwa. Mume akifa vitani, mke alikuwa maskini kama maskini mwingine yeyote, na mahali pake palikuwa mlangoni kwa wasimamizi wa maskini wa parokia yake.

Kwa hiyo tamko la 1642 liliwabebesha watu walewale, kwa mfuko uleule, kundi kubwa ambalo halikuwamo kwenye hesabu. Makadirio yanayotajwa sana na wanahistoria ni kwamba vita hivyo viliua watu kama 190,000 Uingereza na Wales, kwa silaha na kwa maradhi, katika nchi yenye watu takriban milioni 5. Si wote walikuwa askari, wala si askari wote walikuwa na wake. Hata hivyo, mfuko uliotegemea peni za parokia haukuweza kuwabeba wajane waliobaki.

Hapa tutenganishe mambo matatu ambayo yanachanganywa sana, na ambayo hata mahakimu wa wakati ule waliyachanganya pale ilipowafaa.

La kwanza ni pensheni yenyewe, yaani fedha aliyopangiwa mjane na kaunti, au na wasimamizi wa Bunge kule London, kwa sababu mumewe alifia utumishini. Kaunti nyingi zilitoa pauni moja au mbili kwa mwaka, na wapo waliopewa kiasi cha mara moja tu wakaambiwa wasirudi tena. Tuipime pauni 2. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na kila shilingi peni 12, kwa hiyo pauni 2 ni peni 480. Askari wa miguu alilipwa peni 8 kwa siku. Pensheni ya mwaka mzima ilikuwa sawa na mshahara wa marehemu wa siku 60.

La pili ni malimbikizo ya mishahara. Jeshi la Bunge lilipigana kwa mkopo. Mwanzoni mwa 1647 askari wa miguu walikuwa wanadai mshahara wa wiki 18 na wapanda farasi wiki 43, na ni madai hayo, pamoja na mengine, yaliyolifanya jeshi liligeukie Bunge lililoliunda. Mume akifa, deni halikufa naye. Wiki 18 kwa peni 8 kwa siku ni pauni 4 na shilingi 4, kabla ya makato ya chakula na malazi. Ni zaidi ya pensheni ya miaka miwili, na hii haikuwa huruma ya mtu: ni jasho la marehemu. Serikali ilitoa hati za deni badala ya fedha, na baada ya mfalme kuuawa Januari 1649 hati hizo zikafungamanishwa na mauzo ya ardhi ya ufalme. Mwenye nafasi ya kusubiri alinunua ardhi. Mjane mwenye watoto wenye njaa aliiuza hati yake kwa bei ya kutupa kwa mtu aliyeweza kusubiri.

La tatu ni msaada wa maskini wa parokia, uliotokana na sheria ya maskini ya 1601. Huu haukuuliza mume alikufa wapi. Uliuliza tu kama wewe ni mkazi halali wa parokia na kama kweli huna kitu. Wasimamizi wake walikuwa majirani zako wanaolipa kodi hiyo, na kila peni uliyopewa ilitoka mfukoni mwao.

Ukishayatenga hayo, mambo mengi yanaeleweka. Kwa mfano, maombi mengi ya wajane yana saini za majirani, kasisi na wasimamizi wa maskini. Ni rahisi kuona humo mshikamano wa kijiji, na bila shaka ulikuwepo. Lakini parokia nayo ilikuwa na lake jambo: mjane akipata pensheni ya kaunti, mzigo unatoka kwao na kugawanywa kwa parokia zote. Mweka hazina wa kaunti aliyajua hayo vizuri, naye akawa mwepesi kumrudisha mama huyo kwenye parokia yake. Mjane alikuwa katikati ya mifuko miwili, kila mmoja ukimwonyesha mlango wa mwenzake.

Njia rasmi ilinyooshwa kidogo Mei 1647. Bunge lilizirudisha kaunti kazini, likapandisha viwango vya michango ya parokia, na likawataja wajane na yatima waziwazi pamoja na majeruhi. Masharti yalikuwa mawili makubwa: cheti cha ofisa aliyemwongoza marehemu, na uthibitisho wa umaskini. Na pensheni ilikusudiwa kuongezea kile ambacho mjane anakipata kwa kazi ya mikono yake. Hakuna aliyetarajia aishi kwa pensheni peke yake.

Cheti hicho ndicho kilichowaumiza wengi. Jeshi halikuwa na orodha ya kuaminika ya waliokufa. Maiti walizikwa haraka na kwa pamoja, mara nyingi na wanakijiji waliokuwa hawamjui hata mmoja wao. Kapteni naye huenda alikufa siku ileile, au yuko Ireland, au ameacha jeshi na hajulikani alipo. Aliyeuawa katika mapigano makubwa kama ya Naseby au Marston Moor angalau alikuwa na wenzake walioshuhudia akianguka. Aliyekufa kwa homa kambini, na homa ilililiza sana jeshi la Bunge karibu na Reading na Oxford mwaka 1643, aliacha ushahidi mdogo zaidi. Kisha kuna waliopotea tu. Mke wa mtu aliyepotea hakuwa mke wala mjane. Pensheni hapati, na akiolewa tena anaweza kushtakiwa, kwani sheria ya 1604 ilifanya ndoa ya pili kuwa kosa la jinai, ikimsamehe tu yule ambaye mwenzake hajaonekana kwa miaka saba.

Tumfuate basi mama mmoja, si mtu halisi mwenye jina, ila wa aina inayoonekana tena na tena kwenye kumbukumbu za kaunti. Mahakimu hukaa mara nne kwa mwaka, kila robo. Kabla ya siku hiyo anamtafuta mwandishi, labda karani, mwalimu au kasisi, ambaye huenda akataka malipo. Mwandishi anajua umbo linalotakiwa. Juu linaandikwa kwamba hili ni ombi la unyenyekevu la fulani, mjane, maskini, wa parokia fulani. Linaendelea kwa nafsi ya tatu, kana kwamba mama mwenyewe hayupo: kwamba mumewe aliingia utumishini chini ya kapteni fulani, katika kikosi cha kanali fulani, kwamba alitumika kwa uaminifu, kwamba aliuawa mahali fulani, kwamba ameacha watoto wadogo kadhaa, kwamba mwombaji ameshauza vyombo vyake, au nyumba yake iliporwa na askari wa upande wa pili, kwamba hana pa kukimbilia isipokuwa kwa waheshimiwa hawa. Mwisho kabisa, kwamba atawaombea kwa Mungu daima. Hajui kuandika, kwa hiyo anaweka alama yake: msalaba, duara au herufi moja iliyopinda.

Watu husema karatasi kama hizo hazituambii lolote juu ya wanawake wenyewe kwa sababu maneno ni ya mwandishi. Sikubaliani. Umbo ni la mwandishi, lakini majina ya makapteni, mahali, siku, idadi ya watoto, farasi aliyechukuliwa, vitu hivyo vilitoka kinywani mwa mtu. Na kuna ujanja ndani ya unyenyekevu. Mjane aliyetaja kwamba mumewe aliingia jeshini kwa kuitikia wito wa Bunge alikuwa anawakumbusha mahakimu, kwa upole, kwamba kuna ahadi iliyotolewa. Kisheria mwanamke aliyeolewa alizungumziwa na mumewe, ila mjane alisimama mwenyewe. Wengi wao ndiyo mara ya kwanza jina lao kuandikwa kwenye karatasi ya serikali kama mdai.

Jibu linaandikwa kwa kifupi, mara nyingine pembeni mwa ombi lenyewe: apewe kiasi fulani, au apelekwe kwa parokia yake, au aje kikao kijacho. Hata akikubaliwa hajalipwa bado. Fedha zinategemea parokia kuleta michango, na parokia zilikuwa nyuma daima. Ndiyo maana wapo wanaoonekana mara ya pili na ya tatu, safari hii wakiomba walipwe kile walichokwisha pangiwa.

London mambo yalikuwa tofauti kidogo. Bunge liliweka waweka hazina wa majeruhi na wajane, na hospitali za kijeshi katika jengo la Savoy na baadaye Ely House. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na ofisi ya taifa yenye kazi hiyo, ikilipa pensheni za kila wiki, na wauguzi wa hospitali hizo walitakiwa, inapowezekana, wachaguliwe miongoni mwa wajane wa askari. Kwa serikali hiyo ilikuwa akili nzuri: unalipa mshahara wa muuguzi na papo hapo unapunguza jina moja kwenye orodha ya pensheni. Lakini ofisi hiyo nayo ilitegemea kodi zilizokuwa na wadai wengine wenye bunduki, na wajane pamoja na majeruhi waliendelea kwenda Westminster, makao ya Bunge, kulisumbua kwa maombi, mengine yamechapishwa kabisa na kugawiwa.

Anayejulikana zaidi kati ya wanawake wa aina hii ni Elizabeth Alkin, aliyepewa jina la utani Joan wa Bunge. Mumewe, Francis, alinyongwa Oxford na watu wa mfalme kwa ujasusi. Mkewe hakubaki kungojea cheti. Alifanya ujasusi mwenyewe, aliuza magazeti, alisaidia kuvumbua mitambo ya siri ya kuchapisha habari za wafuasi wa mfalme, na kila mara aliwaandikia wakubwa kuwakumbusha anachowadai. Vita vya kwanza dhidi ya Uholanzi vilipozuka mwaka 1652, aliomba kuwauguza mabaharia majeruhi, akapelekwa pwani ya mashariki, Harwich na Ipswich. Huko alitumia fedha zake kwa ajili ya wagonjwa, wakiwemo mateka wa Kiholanzi, kisha akarudi London akiwa mgonjwa na bado anaandika barua za kuomba alipwe. Malipo aliyopata yalikuja vipande vipande, pauni chache hapa na pale. Alikuwa na kila sifa ambayo mdai anaweza kuwa nayo, na bado alilipwa kana kwamba anapewa sadaka.

Mpaka hapo nimezungumzia wajane wa upande mmoja. Mjane wa askari wa mfalme hakuwa na pa kwenda isipokuwa parokiani. Wake wa matajiri walionyang'anywa mashamba waliruhusiwa kuomba sehemu ya tano ya mali ya mume kwa matunzo yao na watoto. Mke wa mkulima aliyechukuliwa na jeshi la mfalme hakuwa na tano wala kumi.

Kisha mwaka 1660 meza ikapinduliwa. Charles wa Pili alirudi kwenye kiti cha baba yake, Savoy na Ely House zikafungwa, na pensheni za watu wa Bunge zikafutwa. Mwanamke aliyekuwa amelipwa miaka kumi kama mjane wa shujaa sasa alikuwa mjane wa mwasi. Mwaka 1662 ikapitishwa sheria mpya ya kuwasaidia maofisa na askari maskini waliomtumikia mfalme na baba yake. Mfumo ni uleule: parokia, kaunti, cheti, mahakimu, mara nyingi katika chumba kilekile. Waliotangulizwa ni majeruhi, na wajane walisukumwa nyuma yao, wakitegemea zaidi kile kitakachobaki.

Hebu fikiria ushahidi uliotakiwa sasa. Mume alikufa 1643 au 1645. Ombi linaandikwa 1662 au baadaye, karibu miaka ishirini imepita. Kapteni ni mzee au ni marehemu. Na askari wengi katika vita vile walipigana pande zote mbili, kwani mateka wa kawaida mara nyingi alipewa nafasi ya kujiunga na waliomteka. Haishangazi kwamba maombi ya miaka hiyo yanasimulia nusu moja tu ya maisha ya marehemu. Hakimu aliyeuliza mume alikufa upande gani alipewa jibu lililolingana na mwaka. Silaumu. Sheria ilizawadia uaminifu kwa upande mmoja, na watu wakaleta uaminifu kwa upande huo. Sheria hiyo nayo ikaachwa kufa mwaka 1679.

Baharini hesabu ilikuwa nyingine. Mabaharia walikuwa na Sanduku la Chatham tangu enzi za Elizabeth, mfuko uliojazwa kwa makato ya peni 6 kwa mwezi kutoka mishahara yao wenyewe, na uliokusudiwa hasa kwa waliolemaa. Mishahara yenyewe ililipwa kwa tikiti, karatasi ya kudai fedha katika ofisi ya jeshi la majini London. Fedha zisipokuwepo, na wakati wa vita vya pili dhidi ya Uholanzi mara nyingi hazikuwepo, mke au mjane aliuza tikiti kwa punguzo kubwa kwa wenye vilabu na wakopeshaji.

Samuel Pepys, ofisa wa ofisi hiyo, aliandika katika shajara yake kilichotokea tarehe 10 Julai 1666. Uani walijaa wanawake, anadhani zaidi ya 300, waliokuja kudai fedha za waume na jamaa zao waliotekwa Uholanzi. Walilia, walitukana, walilaani, hata yeye na mkewe wakaogopa kumpeleka mtu nje na mkate wa nyama ya paa kwenda kuuoka, wasije wakaunyakua. Baadaye wakaingia bustanini, wakasimama dirishani pake wakieleza hali za familia zao na yale waume zao waliyomfanyia mfalme. Pepys anasema aliwahurumia kiasi cha kutaka kulia, ila hakuwa na la kufanya. Kisha, wengine walipokwisha kuondoka, alimwita mmoja ambaye alimsikia akimsikitikia tu mumewe, akampa fedha kidogo. Mama yule akambariki, akaenda zake.

Hao walikuwa wake wa mateka, bado hawajawa wajane. Hata hivyo, sioni tukio linaloeleza vizuri zaidi jinsi mfumo mzima ulivyofanya kazi. Wanawake 300 walidai kwa sauti haki iliyokiriwa na kila mtu, wakaondoka mikono mitupu. Aliyelipwa ni yule aliyelia bila kudai, na alilipwa kutoka mfuko binafsi wa ofisa. Maombi ya wajane mbele ya mahakimu, pamoja na unyenyekevu wake wote, yaliandikwa na watu waliolijua somo hilo.

Deni hilo lilirudi kwa njia nyingine. Juni 1667 Waholanzi walipanda Mto Medway na kuchoma meli za kivita za Uingereza zikiwa zimetia nanga. Kulikuwa na mabaharia Waingereza kwenye meli za Kiholanzi, wakipaza sauti kwamba zamani walipigania tikiti na sasa wanapigania fedha taslimu. Katika mitaa ya Wapping, kitongoji cha mabaharia London, wake za mabaharia walipita wakipiga kelele kwamba haya ndiyo matunda ya kutowalipa waume zao.

Baada ya hapo jeshi la majini lilijifunza kiasi. Wakati wa vita vya tatu dhidi ya Uholanzi, 1672 hadi 1674, uliwekwa utaratibu kwamba mjane wa aliyeuawa mapiganoni apewe mara moja mshahara wa mumewe wa miezi 11, na yatima theluthi ya kiasi hicho. Kwa baharia mzoefu aliyelipwa shilingi 24 kwa mwezi, hiyo ilikuwa zaidi ya pauni 13. Ni fedha nyingi kuliko pensheni ya kaunti ya miaka sita, na ilikuwa na faida moja kubwa kwa serikali: mjane akishaichukua, faili limefungwa. Aliyekufiwa na mume kwa homa ndani ya meli hakuhesabiwa.

Wajane wa maofisa wa nchi kavu walianza kupata pensheni za kudumu mwanzoni mwa karne ya 18. Mjane wa askari wa kawaida aliendelea kutegemea parokia na hisani mpaka wakati wa vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Serikali ya Uingereza ilianza kumlipa mwaka 1901, na hata hapo alilipwa yule tu ambaye ndoa yake iliwahi kuidhinishwa na kamanda wa mumewe.